Shimo Lililovimbiwa

Utosini mwangu pana upara mdogo, upana wa kifuniko cha soda, ambapo nywele haziotagi. Siyo ugonjwa. Ni kuni. Nilizaliwa Mugeta, na nilianza kubeba mzigo kabla sijaanza kusoma. Nilipofika darasa la nne mzigo ukashinda. Nilikuwaga wa kwanza darasani, tena siyo wa kubahatisha. Mwalimu alikuwaga ananipa madaftari ya wenzangu nisahihishe. Lakini mama alijifungua, kuni zikatakiwa, na mwenye shingo ya kubebea pale nyumbani nilikuwa mimi. Hakuna aliyekaa kikao akasema mtoto aache shule. Nilichelewa Jumatatu, nikakosa Jumanne, ikawa hivyo hivyo mpaka jina langu likakatwa. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sitaki mtu aniambie nisahau.

Nilipoolewa Butiama na kumzaa binti yangu, niliapa kwamba yule hatatolewa shule na miti mikavu. Kuapa ni rahisi. Ile ilikuwa miaka ya dhiki, miaka ya foleni: sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Mafuta ya taa yakisikika yamefika duka la kijiji, toka alfajiri unakuta chupa na madebe yamejipanga mstari mlangoni yakiwashikia wenyewe nafasi. Koroboi yenyewe tuliiwasha kwa kubana. Nani angethubutu kupikia mafuta? Na kuni zilikuwa zimetukimbia. Vilima vya karibu vilibaki mawe. Mimi nilikwenda siku zangu, binti yangu zake, maana mji wa watu tisa haushibi mzigo wa mtu mmoja. Alikuwa darasa la sita, na kila wiki alikosa shule siku mbili.

Mwalimu mkuu akaniita. Hakunizungusha. Alisema mtoto ana akili, lakini akiendelea kukosa hivyo, mtihani wa darasa la saba atausikia redioni.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nani namkuta? Mama mkwe wangu, amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, anasuka ngata ya majani makavu ya mgomba, ile pete ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Katika mji ule bibi ndiye aliyemsukia mjukuu wa kike ngata yake ya kikubwa. Ilikuwa zawadi, na mtoto alitakiwa apige goti aipokee.

"Ya nani hiyo, mama?" nikauliza, kama vile sijui.

"Ya mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani. "Ile ya zamani imekwisha. Naona shingo yake imekomaa sasa."

"Asante, mama," nilisema, kwa sababu mkwe hajibiwi. Moyoni nilisema mengine, na hayo siyaandiki.

Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Yeye ndiye aliyeleta habari ya fundi mmoja wa Musoma, aliyefundishwa kazi Arusha, anayechimba mashimo ya kutoa gesi ya kupikia kutokana na mavi ya ng'ombe na uchafu wa jikoni. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu nikaacha kucheka, nikamwambia anipeleke.

Tulikwenda Buhare, nje kidogo ya mji wa Musoma, kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye fundi alikuwa amemjengea. Yule mama alifungua kitu kama bomba la maji, akawasha kiberiti, moto ukatoka. Wa bluu, umetulia, hauna moshi hata wa kusingiziwa. Akabandika sufuria ya furu, vile visamaki vyetu vya ziwani. Mimi nikainama juu ya sufuria nikanusa. Nikanusa tena. Nilitafuta mavi kwa pua yangu yote sikuyapata. Nikamwambia mume wangu, "Baba, mimi nyumbani sirudi mpaka huyu fundi akubali kuja."

Fundi alikubali. Tatizo lilikuwa saruji. Wakati ule saruji ilikuwa ya kibali. Unaandika barua, unasubiri, unazeeka. Saruji pekee iliyokuwepo nyumbani ni ile iliyopangwa juu ya mbao katika nyumba kubwa, imefunikwa kwa turubai kama mtu mgonjwa. Ilikuwa ya kujengea kaburi la baba mkwe.

Mume wangu aliniachia niseme mwenyewe. Wanaume bwana! Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe nikamweleza yote: gesi, mwalimu mkuu, mtihani. Aligeuka akaitazama ile turubai. Nilidhani atanifukuza.

"Marehemu hana haraka," alisema mwishowe. "Chukueni. Lakini sikia vizuri, mke wa mwanangu. Saruji ya mume wangu ikiliwa na mavi bure, sitaki tena kusikia habari za shule na kuni. Mtoto atabeba kama tulivyobeba sisi."

Akainuka na ile ngata, akaitundika kwenye msumari jikoni, mahali ambapo kila anayepika lazima aione. "Itamsubiri pale," akasema. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na shindano na pete ya majani ya mgomba.

Walipoanza kuchimba, majirani walikuja kama kwenye sinema. Mmoja aliuliza kama tunazika tembo. Mwingine, mzee wa kanisa, akanikumbusha kwamba mchimba shimo hutumbukia mwenyewe. Nikamwambia, "Nikitumbukia, baba, njoo unitoe na Biblia yako." Fundi yeye hakujibu mtu. Alikuwa mfupi, amevaa kofia ya sufu hata jua la saa saba, akajenga kwa matofali kitu kama chungu kikubwa kilichozikwa ardhini, tumbo chini, kuba juu. Upande mmoja mdomo wa kulishia, upande wa pili njia ya kutokea tope, na juu bomba linalokwenda jikoni.

"Hili ni tumbo," akanieleza. "Unalilisha mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, maganda ya ndizi na mihogo, kiporo, matumbo ya samaki. Vinaozea mle ndani bila hewa, na pumzi yake ndiyo gesi. Lakini lishe kidogo kidogo, kila siku. Kidogo kidogo, mama."

Nilisema nimesikia. Masikio yalisikia kweli.

Mama mkwe naye alikuja kukagua. Akatazama ndoo za maji tunazomimina, akasema, "Umetoa kuni kichwani kwa mtoto, umeweka ndoo." Hapo alinipata, kwa sababu lile shimo lilikunywa maji kama ngamia. Lakini kisima kilikuwa nyuma ya shamba la mihogo, safari moja kabla ya kengele ya shule, na maji ya kusuuzia vyombo nayo tuliyatupia mle. Mtoto alichota, akaoga, akaenda shule. Siku zote tano.

Wiki za kwanza hatukupata kitu. Halafu gesi ikaja lakini ikakataa kuwaka, fundi akasema hiyo ni hewa mbaya, iachieni itoke. Niliiachia. Asubuhi moja nikawasha kiberiti bila matumaini, ikashika. Loo! Nilipiga kigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka zizini. Nilipika chai, nikapika uji, nikachemsha maji yasiyo na kazi, basi tu niuone ule moto. Macho yangu hayakutoka machozi. Masufuria yangu hayakuwa meusi matakoni. Nilijiona mke wa waziri.

Wanawake wenzangu walikunja pua. "Ugali wa mavi," walisema, na walipotembelewa na wageni walinyoosha kidole kwetu. Siku moja watatu wamekaa jikoni kwangu wanakataa chakula, nikashindwa kuvumilia.

"Hiyo sakafu mliyokalia," niliwauliza, "imesiribwa kwa nini? Kwa siagi?"

Waliangalia chini. Ilikuwa imesiribwa kwa mavi ya ng'ombe, laini na safi, kama za kwao zote. Mmoja akacheka, akanawa mikono, akala, na wenzake wakafuata. Mama mkwe tu ndiye aliyebaki na msimamo wake. Chai alikunywa, akasema chai ni maji tu. Ugali alijipikia mwenyewe kwenye mafiga yake matatu, moshi ukimtoka puani na mdomoni.

Fundi akatuongezea taa ya gesi, ile yenye soksi inayong'aa kama karabai. Binti yangu akawa anasoma mezani jioni wakati mimi napika. Alikuwa ameingia darasa la saba. Mwalimu mkuu tulipokutana kanisani alinipa mkono wa mikono miwili.

Na hapo ndipo nilipovimba kichwa.

Ilikuja harusi kubwa mji wa jirani. Ulezi ukatwangwa, pombe ikapikwa ya kuogelea, ng'ombe wakachinjwa. Watu wa huku tunajua jambo moja kuhusu ng'ombe: ukimpa machicha, yale makapi ya pombe, ananenepa na maziwa yanamwagika. Nikawaza, kama hili ni tumbo, basi na lenyewe lile harusi. Nikatangaza mwenye machicha alete, mwenye utumbo alete, mwenye ugali uliochacha alete. Wakaleta! Wale wale waliokunja pua sasa walipanga foleni kwangu na ndoo, kila mmoja akitaka kusema na yeye amechangia gesi. Tulimimina kutwa nzima, huku tunaimba. Neno la fundi, kidogo kidogo, lilinipita kichwani mara moja nikalifukuza kama nzi.

Siku ya pili moto ulipanda mpaka nikajisifu mbele za watu. Siku ya nne ukawa wa njano, unaruka ruka. Siku ya sita gesi ilitoka inapuliza, lakini ukiiwashia kiberiti inakizima. Nilimaliza nusu pakiti ya viberiti, na viberiti wakati huo vilikuwa dhahabu. Shimo likaanza kunuka uchachu. Tope liliacha kutoka, likawa linatoa povu. Nilituma watu Musoma wamwite fundi, wakarudi na jibu kwamba yuko kazini Tarime, na petroli hakuna, na magari hakuna. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Nilikwenda kuni mwenyewe siku ya kwanza. Siku ya pili nilikwenda tena, nikateleza kwenye mawe, goti likavimba kama kibuyu. Asubuhi ya tatu nimelala nimenyoosha mguu, nikamsikia mama mkwe jikoni. Alitoa ngata kwenye msumari.

"Mke mwenzangu, njoo," akamwita mjukuu wake.

"Mama, tafadhali," nilisema kutoka kitandani. "Mtihani."

"Ahadi ni deni," akajibu, na sauti yake haikuwa ya furaha hata kidogo. "Watu tisa watakula nini?"

Mtoto akapiga goti akaipokea ngata, kama inavyotakiwa. Akaondoka. Mimi nililia. Wanawake wengi wamelia kwa moshi wakasingiziwa huzuni. Mimi nililia kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe, kwa sababu hakuna adui aliyeniharibia. Ni mimi na mdomo wangu na harusi ya watu.

Alirudi jua limeshapinduka. Nilichechemea mpaka uani. Alikuwa anakuja na mzigo, na huku midomo inacheza: alikuwa anarudia majina ya mito ya Afrika, moja baada ya jingine, somo la darasani alilolikosa siku ile. Mama mkwe alimpokea mzigo, akautua. Akaondoa ngata. Halafu akampapasa utosini kwa vidole viwili, polepole, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Mtoto akauliza, "Nini, bibi?"

Mama mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye shimo. Akainama penye njia ya kutokea tope, akachovya kidole kwenye povu, akanusa. Halafu, haki ya Mungu, akalamba.

"Mama!" nilipiga kelele.

Akatema mate pembeni. "Chachu," akasema. "Mke wa mwanangu, ng'ombe akivunja ghala akala ulezi usiku kucha, asubuhi unamkutaje?"

"Amevimba."

"Anacheua?"

"Hacheui."

"Na sisi tunamfanya nini?"

Kila mtoto wa Mugeta anajua. "Tunamfungia asile. Tunamnywesha maji ya majivu."

"Sasa hili limevimbiwa, na wewe umekaa unaliwashia viberiti!" Alinigeukia amewaka. "Ningeletewa ndama ana tumbo hivi ningemwacha? Siwezi kuona tumbo limevimba nikapita. Kwa nini hukuniita?"

Kwa nini sikumwita? Kwa sababu niliona yeye ni wa upande wa ngata. Nilimwona mtu wa mafiga, asiyejua chochote. Nilisoma mpaka darasa la nne, yeye hakusoma kabisa, na nilijiona mjuzi wa matumbo.

Basi mama mkwe akashika kazi. Alipiga marufuku kulilisha. Akachuja maji ya majivu ya mafiga yake, yale yale tunayolainishia mboga, akayamimina kibuyu kimoja asubuhi na kingine jioni. Kila siku alichovya kidole, akalamba, akatema, akasema, "Bado." Ilipofika siku ya tano akasema uchachu umepungua, na akaagiza mavi mabichi ya ng'ombe mmoja tu, yule mweusi ambaye hajawahi kuugua toka azaliwe, kwamba amgawie mwenzake afya. Mume wangu alikuja Jumamosi akamkuta mama yake anaongea na shimo. "Cheua," analiambia. "Cheua, mwanangu." Alirudi kwenye lango akaniuliza kama mama yuko sawa.

"Yuko sawa kuliko wewe," nikamjibu.

Siku ya nane aliniambia lete kiberiti. Kilikuwa kimebaki kimoja. Aliwasha mwenyewe. Moto ukashika, mdogo, ukatetemeka, ukawa wa bluu, ukakaa. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Halafu akapiga vigelegele, yeye, mama wa mafiga, na mimi goti langu bovu likacheza. Mchana ule alisonga ugali juu ya gesi kwa mkono wake, akala mpaka akalamba vidole, akasema, "Mbona ni ugali tu?"

Ngata ilirudi msumarini. Mtoto alirudi darasani akasoma siku kumi zilizobaki chini ya taa ya shimo, na bibi yake amekaa pembeni akimfukuzia mbu. Fundi alipofika kutoka Tarime na kusikia habari za majivu, alivua ile kofia yake ya sufu kwa mara ya kwanza, akasema hata Arusha aliambiwa chokaa, majivu hakuambiwa. Mama mkwe akamwambia akitaka kujifunza zaidi anakaribishwa.

Matokeo yalibandikwa ukutani shuleni. Wasichana waliochaguliwa kwenda sekondari kutoka shule yetu walikuwa wawili, na mmoja alikuwa wangu. Nilisoma jina lake kwa kidole, herufi kwa herufi, na sikujali nani ananiona. Nilikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani na mwili wangu huu, napiga kelele njia nzima. Mzee wa kanisa alitoka nje akiuliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa!" nikamwambia. "Shimo limetoa mwanafunzi!"

Nilitaka ngata ichomwe siku ile ile. Mama mkwe alikataa. "Kwenda siyo kumaliza," akasema. "Iache."

Miaka ikapita, mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja Bunda na malori yao, saruji ikajaa madukani bila kibali, na kaburi la baba mkwe tukalijenga zuri, pana, tukalipaka chokaa. Mume wangu akanunua Musoma jenereta ndogo iliyokwisha tumika. Fundi akamleta rafiki yake anayetengeneza injini za mitumbwi ya sangara, wakaifungua, wakabishana, wakaifunga. Iliwaka kwa petroli kidogo, halafu wakaifungulia gesi yetu, ikakohoa, ikaendelea. Balbu ikawaka jikoni. Umeme, huku kwetu, kutoka maganda ya mihogo! Nguzo za serikali zilikuwa bado ziko mbali huko.

Binti yangu alikuwa likizo, amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Alisema chini ya mwanga kama ule angeweza hata kumsuka bibi. Mama mkwe akasitasita, halafu akafungua kitambaa chake. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo sijawahi kumwona kichwa wazi. Utosini mwake palikuwa na upara, mkubwa kuliko wangu, umeng'aa kwa uzee. Akaniona naangalia. Mimi nikafungua kitambaa changu, nikainama, nikamwonyesha wa kwangu. Vidole vya mwanangu vilikuwa kwenye nywele za bibi yake, na nywele zake mwenyewe zilikuwa nyingi, nyeusi, kichwa kizima.

Mama mkwe alitazama ukutani. Ngata ilikuwa pale, imejaa masizi ya zamani na utando wa buibui.

"Nipeni hiyo," akasema.

Asubuhi niliamka nikamkuta kwenye shimo na panga, anaikatakata vipande vidogo vidogo juu ya gogo.

"Mama, itaziba mdomo wa kulishia," nilisema.

"Nakata kidogo kidogo," akanijibu bila kuinua kichwa. "Wewe kabandike chai."

Nikaenda nikabandika.